Mstari wa Njano

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini ukilitaja pale idarani watakuuliza unamtafuta nani. Pale anaitwa Glavu. Wanafunzi wanamwita Mzee Glavu, na mimi mwenyewe, mke wake wa ndoa ambaye ni mhazili wa idara hiyohiyo, nikipigiwa simu na watu wa stoo najikuta nasema, "Subiri nikuitie Glavu." Nyumbani ni baba watoto, kazini ni Glavu, na tumezoea.

Jina lilitokana na ukali wake. Yeye ni fundi wa mtambo wa plazma, na mtambo wenyewe ukiuona utasema ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, likatobolewa madirisha ya kioo na kuchomekwa mabomba kila upande. Pampu zinanyonya hewa yote iliyomo, inaingizwa gesi kidogo sana, inapigwa umeme, na gesi inawaka rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Wakianza kueleza zaidi ya hapo mimi naaga.

Sasa adui mkubwa wa pipa hilo ni mkono wa mtu. Mkono una jasho, una mafuta, una chumvi. Ukigusa ndani kwa mkono mtupu, mtambo ukiwashwa uchafu ule unabanduka ukutani na kuingia kwenye plazma, na vipimo vinavurugika. Ndiyo maana Glavu alibandika mkanda mwekundu sakafuni, mlangoni mwa chumba cha mtambo. Hapiti mtu bila glavu na mifuko ya plastiki juu ya viatu. Chai haivuki. Mimi mkewe sivuki. Mkuu wa idara, enzi zile akiwa mwanafunzi tu, alitolewa nje kama mlevi kwa sababu ya kidole kimoja. Na binti anayesomea shahada ya uzamivu pale sasa, wiki yake ya kwanza aligusa kioo cha dirisha upande wa ndani, akafokewa mpaka mimi huku ofisini nikaacha kuchapa. Alikwenda kulia chooni. Nilimpelekea tishu nikamwambia asijali, huyo baba hata nyumbani anafokea sufuria.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye vidole vilikuja kumsaliti.

Ilianza na vifungo. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha kabati, anahangaika na kifungo cha shati, amekunja uso kama anasoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Nikamtania, "Baba watoto, umesahau kuvaa?" Hakucheka. Nikamfunga. Kesho yake nikamfunga tena. Mwanzoni nilifurahi, kwa nini niongope. Nikasema moyoni, kumbe uzee umemletea mahaba ambayo ujanani alikuwa hana nafasi nayo. Nilifurahi hivyo mpaka siku aliposhika mpini wa sufuria jikoni, na mimi nikanusa ngozi ikiungua kabla yeye hajashtuka.

Ni sukari. Anayo miaka mingi na dawa anameza akikumbuka. Daktari alituambia mishipa ya fahamu mikononi imeharibika, na ganzi ile haitarudi nyuma. Tunachoweza ni kuizuia isizidi. Tulipotoka, alisimama kwenye ngazi za hospitali akanishika bega.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wakijua, wananitoa kwenye mtambo. Fundi asiyesikia nati mkononi ni fundi wa nini?"

Nikaahidi. Tangu siku ile siri ikawa ya wote wawili.

Tukaanza maisha ya kuficha. Asubuhi nilimfunga vifungo vyote, vya shati, halafu vya koti jeupe la kazini, ambalo sasa alilivaa tangu nyumbani. Koti lile halikuvuliwa mpaka jioni hata joto liwe kali vipi, kwa sababu akilivua hawezi kulifunga. Watu wakamsifia unadhifu. Nati ndogondogo akawa anamwachia binti, "ili ujifunze," na binti akadhani ameanza kupendwa. Mimi mezani kwangu nilikuwa na kazi mbili, kuchapa barua na kusikiliza kama kuna kitu kimeanguka kule ndani. Kila chuma kilipolia sakafuni moyo ulinipasuka paa. Nikiuliza kwa sauti ya utani, "Glavu, umevunja nini tena?" akijibu, roho inatulia. Akichelewa kujibu, nanyanyuka.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja.

Walikuwa wawili, kutoka chuo cha mbali: profesa mmoja mpole mwenye miwani inayoteleza puani, na mwanamke mtaalamu wa mwanga aliyebeba sanduku lake kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Ndani ya sanduku kulikuwa na kifaa. Mkuu wa idara alitueleza habari zake kwenye kikao, uso umemng'aa. Unakielekeza kwenye dirisha la mtambo, kinaugawa ule mwanga na kuuchora mistari kwenye skrini. Kila kinachowaka mle ndani kina mistari yake. Gesi ina yake, chuma kina yake, uchafu nao una yake, hata uwe kidogo kiasi gani.

"Hakuna cha kujificha," mkuu akasema, na watu wakatikisa vichwa kwa furaha. Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameweka mikono chini ya meza.

Wageni walikuwa na jambo jingine. Walitaka kumchukua mwanafunzi mmoja akafanye utafiti kwao mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na shaka ni nani. Binti alikuwa ameshaanza kuniuliza kule kuna baridi kiasi gani, kana kwamba nami nimewahi kufika.

Siku moja kabla ya kuwasha, yeye na Glavu waliufungua mtambo kwa mara ya mwisho. Binti akabadilisha kioo cha dirisha, akakikaza, kisha akaitwa kwenda kuwapokea wageni getini. Glavu akabaki peke yake. Niliwapita wote wawili kwa nyakati tofauti siku ile na sikuona kitu. Jioni ndipo nilipoona, nyumbani, kwa sababu alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake jeupe, hakuniomba nimfungue.

"Nati iliniponyoka," akasema. "Ikaangukia ndani."

"Si uliitoa?"

"Niliitoa. Lakini na glavu nilikuwa sisikii kitu kabisa. Nikasema nikivua, labda nitasikia kidogo."

Nikavuta kiti nikakaa. "Ukaingiza mkono mtupu."

"Mpaka begani."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi si ungepafuta? Ile spiriti yenu ya kufutia inafanya kazi gani?"

"Nilifuta pale nilipopajua. Kwingine sijui nilishika wapi, mama watoto. Sikusikia." Akageuza viganja akavitazama kama vya mtu mwingine. "Halafu mkuu akatokea mlangoni na wageni wake, anauliza pampu ziwashwe? Wote wananitazama. Nikasema ziwashwe."

Ulimi wangu hauna breki, na siku ile haukuwa nazo. Nikamwambia amwendee mkuu asubuhi na mapema, wafungue, wafute upya, yaishe. Akanieleza kwa upole ulionitisha kuliko ukali wake, kwamba wakifungua sasa, kunyonya hewa yote tena kutachukua muda mpaka wageni wawe wameondoka. Na swali la kwanza la mkuu litakuwa, ulivua glavu kwa nini?

"Labda uchafu hautaonekana," akasema.

"Labda," nikasema na mimi. Chakula kikapoa mezani, kila mtu akikisukuma upande wake wa sahani.

Asubuhi nilimfunga vifungo. Kile cha juu kabisa nilikishika muda mrefu kuliko kinavyohitaji. Naye aliniacha nikishike.

Chumba cha mtambo kilijaa. Mkuu wa idara na tai yake, wageni wawili kwenye meza ya skrini, binti karibu na swichi, na Glavu amesimama kando ya pipa lake, amevaa glavu, wima kama askari wa gwaride. Mimi nilikuwa nimeleta chai, lakini chai haivuki, kwa hiyo nikasimama na trei yangu mlangoni, vidole vya miguu vikigusa mkanda mwekundu. Kutoka pale skrini nilikuwa naiona vizuri. Natamani nisingekuwa naiona.

Mkuu akatoa ishara. Binti akabonyeza. Pampu zilikuwa zinanguruma tangu jana, lakini sasa dirisha la mtambo likapata uhai, zambarau laini ikatulia katikati ya pipa bila kutikisika. Watu wakapiga makofi. Mkuu alitabasamu mpaka masikioni. Hata mimi nilisahau kwa muda, maana ni kizuri kile kitu, lazima nikiri.

Mtaalamu wa mwanga hakupiga makofi. Alikuwa ameinamia skrini, anahesabu mistari yake kwa ncha ya kalamu, huu wa gesi, huu wa gesi, huu nao. Kalamu ikasimama.

"Na huu wa njano?"

Profesa akasukuma miwani juu. Binti akachungulia naye, na kwa sababu alikuwa amekesha wiki nzima na vitabu, jibu likamtoka kabla ya wote.

"Sodiamu!" Kisha nikaona uso wake ukibadilika.

"Chumvi," mtaalamu akakubali. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani. "Jasho. Kuna mtu amegusa ndani kwa mkono."

Chumba kikapoa. Tabasamu la mkuu lilibaki pale pale lakini lilikuwa halina mwenyewe tena. Akamgeukia binti.

"Jana dirisha alifunga nani?"

"Mimi," binti akasema. "Lakini nilivaa glavu."

"Kama ulivyovaa wiki ile ya kwanza?"

Neno lile lilikuwa baya, na nadhani naye alilisikia ubaya wake, lakini lilishatoka. Profesa mgeni akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nilimjua yule mzee kwa siku moja tu, lakini nilielewa kilichokuwa kinapita kichwani mwake: mwanafunzi asiyeweza kuvaa glavu wa nini kwetu? Binti akamtazama Glavu. Yeye ndiye aliyekuwa naye jana, yeye ndiye aliyemwona akivaa.

Glavu alikuwa anatazama sakafu.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Nilisimama pale na trei yangu, na nusu yangu ilikuwa inapiga kelele, sema baba watoto, mtoto wa watu huyo. Nusu nyingine ilikuwa inamwomba anyamaze. Binti atafokewa, atalia, atasahau, bado kijana. Sisi tutakwenda wapi? Mume wangu atakaa nyumbani atazame ukuta, mtu ambaye hata siku za mapumziko anatafuta sababu ya kupita kazini kusikiliza kama pampu zinaunguruma sawasawa. Niliomba mambo mawili kwa pumzi moja na yote mawili niliyaomba kwa dhati.

"Mzee, si ulikuwepo?" mkuu akamuuliza. "Ulimwona akivaa?"

Glavu akainua uso. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Kisha akainua mkono, hivi, kama mtoto darasani.

"Alivaa," akasema. "Mkono ni wangu."

Mkuu wa idara akacheka.

Sijawahi kuchukia kicheko cha mtu kama kile, ingawa hakikuwa cha dharau. Kilikuwa cha mtu aliyeambiwa kwamba jua limechelewa kuamka. "Mzee Glavu," akasema, "najua unampenda huyu binti, lakini acha kumbeba. Wewe? Wewe uliyenifukuza chumba hiki kwa kidole kimoja?" Akawageukia wageni kuwaeleza, na wageni nao wakatabasamu kwa adabu. Hata binti alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamlenga, anasema, "Hapana mzee, usifanye hivyo."

Basi mume wangu akaona kwamba sifa aliyoijenga maisha yake yote ndiyo inayomzuia kusema kweli. Akavua glavu ya kulia, akavua ya kushoto, akaziweka juu ya pipa. Akashika ukingo wa koti lake jeupe kwa ngumi mbili akauvuta, vifungo vikafunguka vyote kwa mpigo. Kufungua hivyo anaweza.

"Tazameni," akasema.

Akaanza kukifunga cha chini. Vidole vilikifikia kifungo, vikakipita, vikarudi, vikashika kitambaa vikidhani ni kifungo. Alikuwa hawezi kujua mpaka atazame, na akitazama kilikuwa kimeshateleza. Akajaribu tena. Mwanzoni walikuwa na nyuso za watu wanaosubiri mwisho wa mzaha. Kisha kicheko kikamwisha mkuu. Mtaalamu wa mwanga akaweka kalamu chini. Glavu akajaribu tena, ameinamisha kichwa.

Niliweka trei sakafuni. Nikavuka mkanda mwekundu na viatu vyangu vya ofisini, vumbi la korido na yote, na hakuna aliyenizuia. Nikaisogeza mikono yake taratibu nikaanza kumfunga.

"Tangu lini?" mkuu akauliza. Sauti ilikuwa imemshuka kabisa.

"Muda mrefu," nikasema bila kugeuka. "Kila asubuhi namfunga mimi. Ni sukari. Nati ilimwangukia ndani, glavu zikamnyima kusikia, akazivua. Huyu mtoto hajagusa kitu."

Mikono yangu, yenye fahamu zake zote, ilikuwa inatetemeka. Mume wangu akatazama chini kifuani pake.

"Umeruka kimoja, mama watoto," akanong'ona.

Kweli nilikuwa nimekiruka, koti limekaa upogo. Nikafungua nikaanza upya, na hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Profesa mgeni akakohoa. Akasema, kana kwamba anaongea na karatasi zake, kwamba yule binti aliyeitaja sodiamu haraka vile watafurahi kuwa naye. Binti hakumsikia, alikuwa analia wazi. Mtaalamu wa mwanga naye akataka kutusaidia kwa njia aliyoijua. "Na huo mstari si jambo la kufa mtu," akasema. "Mkiwasha na kuzima mara kadhaa, plazma yenyewe inausafisha. Unaisha."

"Najua," Glavu akasema. "Kwenye mtambo si jambo kubwa."

Mkuu wa idara alimsogelea. Mtoto yule nimemjua tangu akiwa na suruali fupi kuliko kimo chake, anakuja kuniomba nimchapie kazi zake. Alisimama mbele ya mume wangu kama anayesubiri kufokewa. "Mzee," akasema, "hutaufungua tena mtambo."

"Najua."

"Samahani."

"Washeni," Glavu akasema. "Msipoteze gesi."

Wakazima, wakawasha tena. Zambarau ikarudi, na kwenye skrini mstari wa njano ulikuwepo, lakini ulikuwa umenywea. Wakazima, wakawasha. Ukawa mwembamba zaidi. Watu walikuwa wamesogea karibu na skrini, wanaushangilia uondoke, hata binti amefuta uso na kushika swichi, na kila akibonyeza mtaalamu anasema, bado, bado kidogo. Mimi nilibaki nimesimama na mume wangu kando ya pipa, nimemshika kiwiko. Ulikuwa mkono wake ule uliokuwa unafutwa mle ndani, na kila mtu alikuwa amesahau kuwa ni mkono.

"Umeisha!" mtaalamu akasema.

Wakapiga makofi. Mume wangu naye akapiga, mikono mitupu, kwa nguvu kuliko wote mle ndani, viganja vikamwiva, maana alikuwa hasikii.